Uchachushaji haupo kwa ajili ya ATP: tuhesabu elektroni kwanza

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Kuna swali moja ambalo nimelisahihisha kwenye karatasi za wanafunzi mara nyingi mno: "Kwa nini seli iliyokosa oksijeni hugeuza piruvati kuwa laktati?" Karibu kila karatasi hujibu: "Ili ipate nishati." Jibu hilo si sahihi, na linaniuma kwa sababu anayelikubali hapa huyumba pia akifika kwenye bakteria, kwenye ini, kwenye mabadiliko ya jeni, kote ambako elektroni zinahusika. Ndiyo maana nimeamua kuliandika kwa urefu.

Tukitazame kimeng'enya chenyewe. Laktati dehidrojenasi, inayofanya hatua hii ya mwisho ya uchachushaji, hupokea piruvati (zao la glikolisisi, yaani uvunjaji wa glukosi) na NADH (mbebaji wa elektroni akiwa na mzigo), hutoa laktati na NAD+ (mbebaji huyohuyo akiwa mtupu). ATP, sarafu ya nishati ya seli, iko wapi hapo? Haiingii wala haitoki. ATP mbili za faida tunazozisema kwenye glikolisisi zimeshapatikana piruvati inapojitokeza. Wala si kwamba hatua hii haina nishati ya kuvunwa. Elektroni hushuka kuelekea volti kubwa zaidi: hapa zinatoka kwenye NADH yenye volti -0.32 na kutua kwenye piruvati yenye volti -0.19. Tofauti hiyo ya volti 0.13, kwa elektroni mbili, ni kama kilojuli 25 kwa moli, na yote inaishia kuwa joto. Elektroni hizohizo zikishuka hadi kwenye oksijeni (volti +0.82) hutoa takriban kilojuli 220. Kwa hiyo ukiniambia seli inatengeneza laktati ili kupata nishati, nitakuuliza imeiweka wapi.

Inachorudishiwa seli ni NAD+. Panda juu kidogo mpaka kwenye gliseraldehidi-3-fosfati dehidrojenasi. Kimeng'enya hiki hakisogei bila NAD+ tupu ya kubebea elektroni mbili, na NAD+ haimiminiki kutoka nje kama glukosi. Ni mbebaji, na wabebaji ni wachache. Tuchukue kwa mfano seli yenye NAD+ milimola 1 kwa lita. Kila glukosi hujaza NAD+ mbili. Ikishapita nusu milimola tu ya glukosi, wabebaji wote wana mzigo na hatua inakwama. Tena inakwama mahali pabaya, maana seli ilishatoa ATP mbili juu kabla ya kuingiza chochote. Glukosi inaweza kuwa imejaa tele nje na seli ikashindwa kuitumia kwa kukosa mahali pa kuzishusha elektroni.

Historia yenyewe inatuelekeza huko. Mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kuwa maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira, yasiyo na seli hai hata moja, bado yanachachusha sukari. Arthur Harden na William Young wakayapitisha maji hayo kwenye chujio laini sana, wakapata mafungu mawili: la molekuli kubwa na la molekuli ndogo. Kila fungu peke yake halikuchachusha. Walipoyachanganya, uchachushaji ukarudi. Fungu la molekuli ndogo lilihimili hata kuchemshwa, jambo ambalo kimeng'enya cha kawaida hakiliwezi. Ndani ya fungu hilo mlikuwamo kitu tunachokiita leo NAD+. Yaani NAD+ ilijulikana kwa mara ya kwanza kwa sababu uchachushaji ulisimama ilipokosekana! Mwaka 1929 Harden aligawana Tuzo ya Nobel ya kemia na Hans von Euler-Chelpin kwa kazi za uwanja huu.

Sasa nikupeni chombo ambacho natamani ningepewa nilipoanza kusoma somo hili. Kila molekuli ya kaboni ina idadi ya elektroni inazoweza kutoa hadi iungue kabisa kuwa kabonidioksidi. Kwa molekuli yenye kaboni, haidrojeni na oksijeni pekee: zidisha kaboni kwa 4, jumlisha haidrojeni, kisha toa oksijeni mara 2. (Andika asidi nzima badala ya chumvi yake ili chaji isikusumbue.)

Glukosi, C6H12O6: 24 + 12 - 12 = 24.
Asidi ya piruviki, C3H4O3: 12 + 4 - 6 = 10. Ziko mbili, kwa hiyo 20.

Elektroni nne zimekwenda wapi? Ziko kwenye NADH mbili. Hilo ndilo deni lote la glikolisisi, na limeonekana kwa mstari mmoja wa hesabu.

Asidi ya laktiki, C3H6O3, ina 12. Mbili ni 24. Deni limelipwa. Ethanoli, C2H6O, ina 12, na kabonidioksidi ina 0. Ethanoli mbili na kabonidioksidi mbili ni 24 vilevile. Misuli na hamira zina vimeng'enya tofauti na mazao tofauti, ila hesabu ni ileile.

Namalizia na jaribio ninalolipenda kuliko yote kwenye mada hii. Carl Neuberg aliweka salfaiti kwenye hamira inayochachuka. Salfaiti hushikana na asetaldehidi, na asetaldehidi ndiyo ambayo kwa kawaida hupokea elektroni na kuwa ethanoli. Mpokeaji kafungwa mikono. Je, hamira ilisimama? Hapana. Ilimtafuta mpokeaji mwingine: ilichukua nusu ya sukari (dihidroksiasetoni fosfati), ikaishushia elektroni, ikatoa gliseroli. Ujerumani ilitumia njia hii wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia kuzalisha gliseroli ya baruti.

Tuhesabu: gliseroli, C3H8O3, ni 14. Asetaldehidi, C2H4O, ni 10. Kabonidioksidi 0. Jumla 24. Mizani imekaa sawa. Halafu tazama ATP: zimetumika mbili juu, na kwa kuwa nusu moja tu ya sukari ndiyo iliyofika chini, zimerudi mbili. Faida ni sifuri. Seli ilifungiwa njia ikaendelea kulipa deni la elektroni hata pale ambapo malipo hayo yaliimaliza faida yake yote. Kama uchachushaji ungekuwa kwa ajili ya ATP, njia hii isingekuwa na maelezo.

Karibuni.

#2 – Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, uzi mzuri, ila nina pingamizi. Vitabu vingi vinaandika waziwazi kwamba uchachushaji hutoa ATP 2 kwa glukosi moja. Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria kabisa, zinaishi kwa glikolisisi na kutoa laktati maisha yao yote. Utaziambiaje kwamba uchachushaji wao hauhusiani na ATP?

#3 – Mwanzisha uzi

Pingamizi la haki, na kosa ni langu nusu kwa kichwa cha habari nilichochagua. Vitabu vinaposema ATP 2 vinahesabu njia nzima, toka glukosi hadi laktati. Hapo sina ugomvi. Ninachokataa ni kuipa hatua ya mwisho kazi isiyo yake. Chembe nyekundu inapata ATP kwenye hatua mbili za glikolisisi, ile ya fosfogliserati kinasi na ile ya piruvati kinasi. Laktati dehidrojenasi inazifanya hatua hizo ziweze kurudiwa. Bila yenyewe ATP zingekatika, kweli kabisa, lakini zingekatika kwa sababu NAD+ imeisha.

Na kuna ushahidi kwamba mambo haya mawili yanaweza kutenganishwa. Asenati, sumu yenye aseniki, inafanana sana na fosfati. Gliseraldehidi-3-fosfati dehidrojenasi hudanganyika nayo na kuiweka mahali pa fosfati. Zao linalotoka haliwezi kudumu, linavunjika lenyewe majini kabla ATP haijatengenezwa. NADH inazalishwa kama kawaida, piruvati inatoka kama kawaida, ila ATP za hatua ile zimepotea na faida inashuka hadi sifuri. Kwenye maji ya hamira ya Harden na Young, asenati haikuzuia uchachushaji, bali iliuongezea kasi. Seli hai ikiwekewa asenati hufa, maana seli hai inahitaji ATP kweli. Lakini mkondo wa elektroni wenyewe unaendelea bila faida yoyote ya ATP.

#4 – Mchangiaji wa pili

Mimi niko upande wa vijiumbe, naomba niongezee, kwa sababu bakteria wanaisema hoja hii vizuri kuliko misuli.

E. coli, bakteria wa utumboni, akikosa oksijeni hatoi zao moja. Anatoa mchanganyiko: asetati, ethanoli, fomati, laktati, suksinati kidogo. Mwanafunzi akikutana na orodha hiyo hukariri. Msikariri. Chukueni mkondo wake mkuu na kanuni ya mwanzisha uzi: asidi ya asetiki (C2H4O2) ni 8, ethanoli 12, asidi ya fomiki (CH2O2) ni 2. Glukosi moja ikitoa asetati moja, ethanoli moja na fomati mbili: 8 + 12 + 4 = 24.

Asetati ndiyo tamu kwake. Kila asetati inayotoka kwa njia ya asetati kinasi inampa ATP moja ya ziada. Kwa mkondo huo anapata ATP 3 badala ya 2. Angetoa asetati mbili angepata 4! Mbona hafanyi hivyo? Hesabu: asetati mbili ni 16, fomati mbili ni 4, jumla 20. Elektroni nne hazina pa kwenda. Ethanoli haimletei ATP hata moja, lakini bila ethanoli hapati asetati.

Jenetiki imelithibitisha hili. Jeni la adhE ndilo linalobeba maelekezo ya kimeng'enya cha kutengeneza ethanoli. Liharibu, kisha mpandikize bakteria huyo kwenye glukosi bila oksijeni: haoti, ingawa njia yake ya asetati, ile yenye ATP, iko salama salimini. Mpe nitrati ya kupokea elektroni, anaota. Hakuna jeni la ATP lililoguswa hapo.

Sasa badilisha chakula badala ya jeni. Sorbitoli, C6H14O6, ni 26, elektroni mbili zaidi ya glukosi. E. coli akilishwa hiyo huongeza ethanoli. Asidi ya glukuroniki, C6H10O7, ni 20. Akilishwa hiyo ethanoli inashuka na asetati inapanda. Asetati mbili na fomati mbili zilikuwa ngapi? 20. Nilipoiona hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliacha kalamu, nikakaa tu naitazama.

#5 – Mchangiaji wa tatu

Naomba nirekebishe lugha kidogo kabla hatujafika mbali. Tunasema "lengo la uchachushaji", "hamira ilimtafuta mpokeaji", "kwa ajili ya". Seli haina lengo. Kilichotokea ni kwamba koo zisizokuwa na njia ya kurudisha NAD+ hazikuacha kizazi pale oksijeni ilipokosekana. Na kwenye jaribio la salfaiti, hamira haikutafuta kitu. NADH ilirundikana, na kimeng'enya cha gliseroli-3-fosfati kilichokuwepo tangu zamani kikasukumwa na mrundikano huo. Ni mizani ya kemia tu.

Swali langu: ethanoli inajilipia yenyewe, 24 kwa 24. Mbona basi hamira ya kawaida, isiyo na salfaiti, bado hutoa gliseroli kidogo ikikosa oksijeni?

#6 – Mwanzisha uzi

Nakubali marekebisho ya lugha. Nitajitahidi.

Swali lako ni zuri sana, na jibu lake hufichwa na mchoro wa kitabuni. Mchoro unaonyesha glukosi yote ikiwa ethanoli. Lakini hamira inayoota inajenga pia mwili wake: protini, mafuta, kuta. Ujenzi huo kwa jumla huacha NADH za ziada ambazo ethanoli haiwezi kuzilipa, kwa kuwa ethanoli imeshatumia elektroni zake zote kulipa glikolisisi yake yenyewe. Gliseroli ndiyo mfereji wa ziada. Hamira ina jeni mbili za kazi hiyo, GPD1 na GPD2. Ukizifuta zote mbili, hamira haioti bila oksijeni. Ukiiongezea asetoini, ambayo inaweza kupokea elektroni mbili na kuwa butanedioli, inaanza kuota tena. Asetoini haiipi ATP yoyote.

#7 – Mchangiaji wa nne

Samahani mwalimu, mimi bado mwanafunzi. Haya yote ni ya vijiumbe. Kwa binadamu kuna ushahidi kama huo wa jeni? Maana kwenye fiziolojia tumefundishwa laktati kama uchafu tu unaochosha misuli.

#8 – Mwanzisha uzi

Upo, mdogo wangu, na hakuna haja ya kuomba samahani.

Laktati dehidrojenasi yetu imeundwa kwa vipande vinne, vya aina mbili: M, inayotawala kwenye misuli ya mifupa, na H, inayotawala kwenye moyo. Kila aina ina jeni lake. Mwaka 1980 watafiti wa Japani walieleza upungufu wa kurithi wa kipande cha M. Mtu mwenye upungufu huo akifanyishwa mazoezi ya mkono huku damu ikiwa imezuiwa kuingia, laktati yake haipandi kama inavyotarajiwa, ila piruvati inapanda. Hii inasema nini? Kwamba piruvati ipo. Kilichokosekana ni NAD+ ya kutosha, na glikolisisi inapungua kasi palepale kwenye gliseraldehidi-3-fosfati dehidrojenasi. Akijitahidi sana, misuli inaumia na kuvunjika, mioglobini (protini ya misuli) inamwagika hadi kwenye mkojo na kuutia rangi nyeusi.

Kwa hiyo asiyetengeneza laktati ya kutosha hapati misuli isiyochoka. Anapata misuli inayovunjika. Hilo lingetosha kuacha kuiita laktati uchafu, lakini kuna la pili: laktati haitupwi. Ina elektroni 12, nusu kamili ya glukosi iliyoizaa, hakuna iliyopotea. Moyo huichoma. Ini huichukua na kuijenga upya kuwa glukosi, mzunguko uliobeba jina la Carl na Gerty Cori, waliotuzwa Nobel mwaka 1947.

#9 – Mchangiaji wa pili

Nirudi kidogo kwa vijiumbe, nikimalizia nilichoacha. Nilisema asetati pekee haiwezekani kwa sababu elektroni nne hazina pa kwenda. Kuna bakteria wanaolitatua hilo kwa jirani.

Elektroni zinaweza kutolewa kama gesi ya haidrojeni. Shida ni kwamba haidrojeni iko volti -0.41, juu ya NADH yenye -0.32, kwa hiyo elektroni zingelazimika kupanda mlima. Zinakubali kupanda iwapo tu haidrojeni inaondolewa haraka hadi ibaki chache mno, na waondoaji ni arkea (vijiumbe wadogo kama bakteria, ila wa kundi lao) wanaotengeneza methani. Wao wanaila haidrojeni, bakteria anapata kushusha elektroni zake.

Kulikuwa na kiumbe kilichoitwa Methanobacillus omelianskii, kikijulikana kama mmoja anayegeuza ethanoli kuwa methani. Mwaka 1967 Bryant, akina Wolin wawili na Wolfe walionyesha ni viumbe wawili. Mmoja hugeuza ethanoli kuwa asetati na haidrojeni, mwingine huila haidrojeni hiyo. Yule wa kwanza akibaki peke yake, haidrojeni yake mwenyewe inamkwamisha. Miaka yote hiyo walikuwa wanafugwa kwenye chupa moja wakihesabiwa mmoja, kwa sababu mizani ya elektroni ya mmoja ilikuwa inafungwa ndani ya mwingine.

#10 – Mchangiaji wa nne

Mwalimu, nimejaribu peke yangu, naomba unisahihishe. Nimechukua gliseroli kama chakula cha E. coli bila oksijeni. Ni 14. Nimeandika gliseroli → laktati, kaboni 3 kwa 3, nikadhani nimemaliza. Halafu nimehesabu: laktati ni 12. Zimebaki 2.

Kwa hiyo nimeona gliseroli haiwezi kuwa laktati tupu. Nikajaribu asetati na fomati: 8 + 2 = 10, zimebaki 4, hali mbaya zaidi. Nikajaribu ethanoli na fomati: 12 + 2 = 14. Kaboni 2 + 1 = 3. Imekaa. Je, ndicho anachofanya kweli, au ni hesabu tu?

#11 – Mwanzisha uzi

Ndicho anachofanya. E. coli akichachusha gliseroli hutoa hasa ethanoli, pamoja na fomati au kabonidioksidi na haidrojeni zinazotokana na fomati hiyo. Kwa muda mrefu ilidhaniwa hawezi kuchachusha gliseroli bila mpokeaji wa nje, na sababu ndiyo hiyohiyo uliyokumbana nayo kwenye mstari wako wa kwanza: gliseroli ina elektroni nyingi kuliko anazoweza kuzishusha kwa urahisi.

Hapo ulipojaribu asetati ukapata 4 zilizobaki, usiufute mstari huo. Rudi kwenye #9 ujiulize jirani yake angehitaji kuchukua haidrojeni ngapi kwa kila gliseroli.

#12 – Mchangiaji wa nne

Mbili.

#13 – Mwanzisha uzi

Mbili.